Gari Limegoma: Anza na Kisichogharimu Kitu

Niliwahi kununua stata nzima kwa sababu ya terminali iliyolegea, yaani kibanio cha waya wa betri. Gari lilikuwa likipiga "tik" moja na kunyamaza. Fundi akasikiliza mara mbili, akatoa hukumu, nikalipa. Stata ya mtumba ikafungwa, gari likawaka, tukapeana mikono. Siku tatu baadaye, "tik". Jirani yangu, dereva mstaafu wa daladala, akafungua boneti, akashika waya wa betri kwa vidole viwili, ukazunguka kama kifuniko cha soda. Akaukaza kwa spana namba 10 na kurudi kwenye kahawa yake.

Kilichowasha gari siku ile gereji hakikuwa stata. Fundi alifungua terminali ili afanye kazi bila kupiga shoti, kisha akairudisha, na ile kuirudisha ndiyo iliyoigusisha vizuri kwa siku tatu. Hapo ndipo hela nyingi za wenye magari huishia: kifaa kinabadilishwa, gari linapona kwa sababu nyingine, kila mtu anaamini kifaa ndicho kilichokuwa kibovu.

Yanayofuata yanahusu magari madogo ya petroli ya kijapani yaliyojaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Raum, Probox, Fielder na ndugu zao, mengi yakiwa na injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Ndani ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na kupimika bure. Uwe na spana namba 10, tochi, msasa laini, dumu la maji la lita 5 na mita ya umeme ya bei ndogo. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati; ukigusa vitatu pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Unapiga stata: kimya, au "tik" halafu kimya

Washa taa kubwa kwanza, kisha piga stata huku ukizitazama ukutani. Taa zikififia au kuzima kabisa, tatizo liko kwenye betri au njia ya umeme wake. Zikibaki na mwanga uleule, betri iachie, tafuta kwingine.

Zimefifia? Shika terminali zote mbili na ujaribu kuzizungusha kwa mkono. Hazitakiwi kusogea hata kidogo. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, chanya baadaye, osha kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo bila kuyaacha yaingie kwenye matundu ya betri, piga msasa hadi risasi ing'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Fuata pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Nati ya pale hupata kutu, na watu wengi hawajui hata kwamba ipo.

Mwenye mita atapata jibu la uhakika zaidi. Weka ncha moja juu ya nguzo yenyewe ya betri na nyingine juu ya kibanio cha waya wake, mtu mwingine apige stata. Hapo pasomeke karibu na sifuri. Ukipata zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye ule mgusano.

Kisha betri. Ikiwa imelala usiku mzima, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki takriban nusu, 12.0 au chini yake imekaribia kuisha. Stata ikizunguka, isishuke chini ya 9.6. Joto la Dar es Salaam au Tanga huua betri haraka kuliko baridi ya Makambako, hivyo betri ya miaka mitatu huku Pwani imeshakula chumvi nyingi, usiishangae. Ila kabla ya kununua mpya, washa injini na upime tena: inatakiwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta (jenereta ya injini) haichaji, na betri mpya utaiua ndani ya siku chache. Angalia kwanza mkanda wa alteneta kama umelegea au umekatika. Ndio wa bei nafuu kuliko alteneta.

Alteneta inachaji, betri nzima, lakini kila ukiliacha gari siku mbili linakufa? Kuna kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa redio. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76 na kukomea karibu 90, wakati stesheni zetu zinafika 108, kwa hiyo karibu kila gari linaloshuka bandarini redio yake hung'olewa au kuongezewa kifaa, na nyaya zake kuunganishwa kwa gundi ya umeme na haraka. Alamu na taa za urembo zinafuata. Chomoa fyuzi ya redio usiku mmoja uone.

Kama taa hazikufifia, peleka gia kutoka P hadi N ujaribu tena; swichi ya gia ikichoka, gari hudhani bado liko kwenye gia. Kwenye gari la kubonyeza kitufe, mtu asimame nyuma aone kama taa za breki zinawaka ukikanyaga. Zisipowaka, gari haliwezi kujua umekanyaga, na halitawaka. Hapo fyuzi au swichi ya breki ndiyo ya kuangalia.

Inayobaki ni stata yenyewe. Ikiwa inapiga "tik" mara nne na ya tano inazunguka kwa nguvu zote, mara nyingi ni vile vibao vya shaba ndani ya solenoidi, swichi ya stata, vimelika. Vinauzwa peke yake. Mwambie fundi hivyo kabla hajakutajia bei ya stata nzima.

Simama hapa: usikubali mtu akupimie alteneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma. Kwenye magari ya zamani mtindo huo ulipita. Kwenye gari la EFI, yaani ambalo petroli yake inapulizwa kwa amri ya kompyuta, volti zinaweza kuruka ghafla na kuondoka na kontroli boksi, kompyuta yenyewe. Na ukibusti, yaani ukiazima umeme wa betri ya gari jingine, unganisha chanya cha betri iliyokufa, chanya cha nzima, hasi ya nzima, na ncha ya mwisho uifunge kwenye chuma cha injini ya gari bovu mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto kwa cheche. Gari la otomatiki usihangaike kulisukuma. Utachosha vijana wa watu bure.

Stata inazunguka vizuri, injini haishiki

Petroli ipo? Swali la aibu, ila liulize. Mshale hudanganya, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko likiwa na mafuta kidogo linaweza kukosa cha kunyonya. Ongeza lita tano kabla ya kitu kingine chochote.

Tazama kama kuna alama ya ufunguo au kufuli inayomweta kwenye dashibodi unapopiga stata. Gari likiwa halijatambua ufunguo, jaribu wa akiba, au kausogeze karibu kabisa na kitufe ikiwa ni ule usiochomekwa. Kama uliwasha gari asubuhi, ukalisogeza mita mbili ukazima, huenda plagi zimelowa petroli: kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata kwa sekunde chache bila kuachia mguu. Magari mengi ya EFI hukata petroli ukifanya hivyo na hewa ikazikausha.

Baada ya hapo fungua kisanduku cha fyuzi, tafuta iliyoandikwa EFI, itoe uitazame kwenye mwanga. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya namba ileile mara moja tu. Ikiungua tena, kuna shoti, na kuweka ya namba kubwa au kipande cha waya ni kualika moto. Mwisho, mtu ategeshe sikio karibu na kiti cha nyuma wakati wewe unapiga stata, mahali pakiwa kimya. Pampu ya petroli husikika ikivuma. Isiposikika, jaribu kubadilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine inayofanana nayo kabisa ndani ya kisanduku hichohicho.

Gari lililokaa wiki mbili bila kutembea nalo liangalie panya. Nyaya huzila kweli.

Simama hapa: ukisikia harufu kali ya petroli au ukaona unyevu chini ya gari, usipige stata tena. Pampu na mipira ya petroli ni kazi ya fundi, mahali pasipo na jiko wala sigara.

Linachemka

Hii ndiyo dalili inayoua injini nyingi kuliko zote, na inaziua kwa sababu dereva husema "ngoja nifike pale mbele". Silinda hedi ya aluminiamu, kifuniko cha juu cha injini, hupinda kwa joto. Dakika tano za ukaidi zinatosha.

Jua kwanza gari lako linakuonyeshaje. Baadhi ya haya madogo hayana mshale wa joto. Kuna taa ya bluu ya injini baridi ambayo huzima, kisha taa nyekundu inayowaka mambo yakishaharibika. Nyekundu ikiwaka, zima AC, toka barabarani, zima injini. Kama uko katikati ya foleni na huna pa kutokea, washa hita ya ndani kwa joto la mwisho na feni yake kwa kasi ya mwisho. Utaoga jasho, lakini kile ni kirejeta kidogo na kinapunguza joto hadi upate nafasi.

Simama hapa: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yako chini ya mgandamizo na yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mkupuo na kuruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuuachia. Wala usimwagie maji baridi injini iliyochemka.

Ikishapoa, kosa la kawaida kuliko yote ni maji kupungua, na yamepungua kwa sababu yanavuja. Angalia kwa tochi: viungo vya mipira, tangi la juu la plastiki la rejeta linapokutana na bati (hupasuka nywele nyembamba kwa uzee), sakafu ya ndani ya gari mguuni pa abiria, na chini ya pampu ya maji. Alama nyeupe, kijani au waridi iliyokauka ni njia ambayo kulanti, maji ya rejeta yenye dawa, ilipita.

Hayavuji popote? Mfuniko wa rejeta. Watu huudharau kama mfuniko wa sufuria, kumbe ndio unaoshikilia ule mgandamizo. Mpira wake ukikauka, maji hutoroka kidogo kidogo kwenda kwenye chupa ya akiba na hayarudi. Unapobadilisha, soma namba juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1, na ununue ileile.

Feni inafuata. Gari linachemka kwenye foleni ya Ubungo lakini likifika barabara wazi linapoa: hiyo ni feni, karibu siku zote. Washa AC uone kama inazunguka; isipozunguka, fyuzi na rilei kwanza, mota baadaye. Kinyume chake, gari ambalo liko salama mjini na linachemka likipanda Kitonga lina rejeta iliyoziba. Nje huziba kwa matope na wadudu, na hilo unaliondoa kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila presha kali inayolaza mapezi. Ndani huziba kwa kutu na chumvi ya maji ya kisima. Maji ya kisima cha Pwani kwenye rejeta ni mkopo wenye riba kubwa. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya kulanti na maji safi yasiyo na chumvi.

Sasa nizungumzie themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji ya rejeta injini ikipata moto, kwa sababu nina kinyongo nayo. Ikikwama imefunga, mpira wa juu unakuwa wa moto sana na wa chini unabaki vuguvugu, na gari linachemka. Dawa ni kuweka mpya. Lakini kwetu dawa imekuwa kuitoa na kuitupa, "huku ni nchi ya joto". Na feni huunganishwa moja kwa moja ili izunguke muda wote. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada, gari linakula mafuta na mwenyewe anaanza kulaumu plagi. Zaidi ya hapo, ile hila imeficha rejeta iliyoziba hadi siku itakapokuwa haifichiki. Ukinunua gari la mkononi, uliza mambo hayo mawili.

Simama hapa: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha kwenye bomba hata injini ikishapata moto, au mapovu mfululizo ndani ya rejeta, ni gasketi ya silinda hedi. Usiliwashe tena hata "kulisogeza kidogo". Livutwe.

Linamisi, linatetemeka kwenye silensa (likinguruma bila kukanyaga mafuta), halina nguvu

Uliiosha injini lini? Nauliza kwa sababu gari lililotoka kuoshwa kwa mashine ya presha na kuanza kumisi, yaani silinda kuruka mwako, lina maji kwenye mashimo ya plagi, chini ya koili zinazozipa plagi umeme. Fungua kifuniko cha plastiki juu ya injini iliyopoa, toa koili moja moja, futa na ukaushe. Kazi imeisha, na hujanunua kitu.

Kama si hivyo, toa filta ya hewa uitazame dhidi ya jua. Barabara ya vumbi huiziba muda mrefu kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Angalia mpira mkubwa unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini kama umepasuka au umechomoka. Sikiliza mluzi wa hewa ukiwa umewasha.

Halafu plagi na koili, na hapa kuna jaribio zuri la bure. Kila silinda ina koili yake. Pima gari kwa mashine inayosoma makosa kwenye kompyuta yake. Namba P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hadi P0304, na ya kwanza kwenye 1NZ ndiyo iliyo upande wa mkanda. Hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke kwa jirani yake, futa namba, endesha kidogo, pima tena. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, nunua moja, si nne. Likibaki palepale, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Likigoma bado, sasa ndipo injekta, na kisha kupima kompresheni, kazi ya fundi mwenye geji.

Usishangae kifaa chako kidogo cha bluetuthi kikikataa kusoma gari. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana tundu lilelile la pini 16 lakini yanazungumza lugha yao. Gari si bovu. Tafuta mashine inayojua Toyota za Japani.

Ukitoa plagi, injini iwe baridi. Nyuzi za aluminiamu zikiwa za moto huchunwa kirahisi. Unaporudisha, zungusha kwa vidole hadi ikae ndipo ushike spana.

Simama hapa: taa ya injini ikiwaka bila kumweta, fika nyumbani taratibu. Ikimweta huku gari linatetemeka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye bomba. Punguza mwendo, egesha.

Linavuta upande, stelingi inatetemeka

Upepo wa matairi, kabla ya kutaja alaimenti (unyoofu wa magurudumu). Namba sahihi imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo ile kubwa iliyoandikwa kwenye tairi, ambayo ni kikomo cha tairi. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Stelingi ikitetemeka ukifika 80 au 100 na kutulia ukipunguza, ni balansi ya magurudumu, na tope lililokauka ndani ya rimu linatosha kuileta. Ukikata kona na kusikia "tak-tak-tak" kutoka gurudumu la mbele, tazama mpira wa joiniti ya ekseli: ukishachanika, grisi imetoka na mchanga umeingia.

Likivuta upande baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo imeng'ang'ania. Inakula mafuta pia.

Breki

Hapa napunguza orodha makusudi. Mambo unayoweza kuangalia mwenyewe ni matatu: kiwango cha mafuta ya breki kwenye chupa yake, unene wa pedi kupitia matundu ya rimu, na kama hendibreki imeachiwa yote. Mlio wa chuma kwa chuma unaoongezeka ukikanyaga ni pedi zilizokwisha. Mafuta ya breki yakishuka taratibu huku pedi zikiisha ni kawaida, kwa hiyo usijaze tu bila kutazama pedi. Yakishuka ghafla, yanavuja.

Usiweke oili, wala hydraulic ya stelingi, wala mafuta ya breki ya daraja tofauti na lililoandikwa kwenye mfuniko. Mengi ya haya hutumia DOT 3. Mafuta ya madini kama oili huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na hapo hakuna cha kuokoa.

Pedeli ikizama hadi sakafuni, au ikihitaji kupampu mara mbili ndipo ishike, gari haliendeshwi kwenda gereji, hata kama gereji iko mtaa wa pili. Mwite fundi aje pale lilipo, au livutwe likiwa limenyanyuliwa.